Mkuu wa shule anataka majina ya wanafunzi wanaokuja kwangu na walichosema, nifanyeje?

Mshauri_Bweni
Habari za muda huu wadau. Nimesomea ushauri nasaha, mwaka huu nimepata kazi sekondari moja ya bweni ya binafsi kama mshauri wa wanafunzi, sifundishi somo, kazi yangu ni hiyo tu. Watoto wanakuja kweli. Mwanzo walikuwa wanaenda kwa nesi kichwa kinauma, tumbo linauma, anapima malaria hamna taifodi hamna, ukikaa nae taratibu ndo unasikia baba na mama wameachana likizo iliyopita, au ada haijaisha na jina lake linasomwa paredi kila Jumatatu. Kazi naipenda toka moyoni.

Shida ni mkuu wa shule. Kila Ijumaa anataka nimpelekee kaunta buku lenye jina, kidato na alichosema mtoto, anasema mzazi akija lazima awe na majibu. Halafu kaniweka kamati ya nidhamu, yani binti ananiambia Jumanne kwamba alitoka bwenini usiku, Alhamisi nakaa meza moja na wanaoamua adhabu yake. Na chumba nilichopewa ni stoo ya vitabu, mlango haufungi vizuri. Juzi kijana wa kidato cha tatu ndo ameanza kufunguka, mwalimu akapita dirishani, akanyamaza, akaniuliza "hivi haya unayaandika?" akaondoka mpaka leo hajarudi.

Sitaki kugombana na bosi, mkataba wenyewe wa mwaka mmoja. Ila nikiendelea kupeleka lile buku hakuna atakayekuja tena. Mliopo kwenye hizi kazi mnafanyaje?

mwl_mlezi
Pole sana mdogo wangu. Mimi nipo shule ya serikali, huku mwalimu wa Baiolojia ndo huyohuyo mshauri na ndo huyohuyo anashika fimbo, sasa mtoto atakuambia nini? Shukuru hufundishi. Mkuu usimnyime taarifa, mbadilishie. Mpe ripoti ya mwezi: wamekuja wangapi, vidato gani, kinachowasumbua zaidi ni nini, majina hamna. Ukimwandikia kwamba wengi wanaumia na ada kusomwa paredi, hapo ana kitu cha kurekebisha na hajamjua mtu. Kamati ya nidhamu omba kutoka kwa barua ya heshima, usiishie kuongea mdomoni.

mama_wawili
Naomba nitofautiane. Mimi mzazi, wangu yupo bweni mbali na mimi. Akiwaza kujiua halafu mtu wa shule anajua na mimi sijaambiwa, sitakuelewa na hiyo siri yako hata kidogo.

NesiAkili
Mama uko sahihi na hilo halipingani na anachosema mshauri. Nipo kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa. Siri ina mipaka, na mtoto aijue KABLA hajafungua mdomo: tunayoongea yanabaki hapa, isipokuwa ukitaka kujidhuru, ukitaka kumdhuru mwingine, au kuna mtu anakuumiza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali za mitaa, kwahiyo ukatili hauishii kwa mkuu wa shule, ongea na ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Huyo wa kidato cha tatu usimsubiri. Mtafute leo, ila usimtoe darasani wenzie wakiangalia. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo, wengi nawaona wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Kama unatumia dodoso la PHQ-9 (maswali tisa ya kupima sonona) angalia swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, hata jumla ya alama ikiwa ndogo hilo moja linatosha kukufanya ukae nae siku hiyohiyo. Akisema ndiyo haachwi peke yake, mzazi anapigiwa nae akijua unampigia, na mnakuja hospitali.

Wa_Nakuru
Huku Kenya kuna mpango unaitwa Shamiri, vijana waliomaliza sekondari juzijuzi wanafunzwa halafu wanaongoza vikundi shuleni, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Utafiti wao ulitoka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Hawaanzi na ugonjwa, wanaongea juu ya kukua, shukrani na yale mtu anayathamini. Jaribu kikundi, kuna wanafunzi hawawezi kuonekana wakiingia mlango wa mshauri lakini kikundi wataingia.

Mshauri_Bweni
Asanteni sana, mama na wewe nimekusikia. Kijana nimempata baada ya chakula cha mchana, tumeongea, kesho mzazi wake anakuja. Mkuu kanipa nafasi Jumatano, naenda na mfano wa ripoti na hiyo mipaka kwenye ukurasa mmoja. Ila chumba sidhani kama nitapata kingine muhula huu, na yale maandishi yangu niyaweke wapi?

mwl_mlezi
Kaeni nje, benchi chini ya mti mnapoonekana ila hamsikiki, hiyo inakulinda hata wewe. Maandishi tumia namba badala ya jina, orodha ya namba iwe daftari lingine, kabati la kufuli na ufunguo ubaki kwako. Na Jumatano mwombe mkuu asaini huo ukurasa.