Nyumba niliyokuwa nakaa sasa naipangisha: bima ya zamani inatosha?

FunguoTatu: Wakuu, mpangaji anaingia mwezi ujao. Bima ya moto niliikata nikiwa mkaaji mwenyewe. Iendelee hivyo hivyo? Na nikiezeka paa upya sasa, naweza kulitoa kama gharama kwenye kodi ya mapato? Ndani kuna shawa ya umeme na jiko la gesi.

Kibarazani: Usiiache. Fomu ya bima inasema unakaa mwenyewe. Akiingia mpangaji hatari imebadilika, na kampuni isipoarifiwa inapata sababu ya kukataa fidia. Waarifu kwa maandishi, simu haitoshi, na udai mabadiliko yaandikwe kwenye mkataba.

Kisha angalia kiwango. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya pamoja na kuondoa kifusi, si bei ya kuuzia, kiwanja hakiungui. Wengi hudhani wakikata nusu, hasara ndogo italipwa yote. Sivyo. Penye kanuni ya uwiano, ukiikatia asilimia 60 ya gharama hiyo, hata likiungua jiko peke yake unalipwa asilimia 60 ya hasara ya jiko. Soma pia kipengele cha nyumba tupu: mikataba mingi hupunguza kinga ikikaa siku 30 au 60 bila mtu. Vyombo vya mpangaji havimo, mwambie mapema.

DaftariLaKodi: Kwanza jua sheria ya kwenu inatoza pato ghafi au faida. Ikiwa pato ghafi, hakuna cha kutoa, basi. Ikiwa faida, ukarabati kwa kawaida hutolewa mwaka huohuo, ila paa jipya zima mara nyingi huhesabiwa mtaji, yaani halitolewi lote mwaka huohuo. Risiti zake usitupe, huenda zikakupunguzia kodi siku ya kuuza. Kwenye mkopo tazama riba tu. Marejesho ya deni lenyewe si gharama.

Koleo: Shawa hiyo iwe na waya wa athi na kikata umeme cha uvujaji cha miliampia 30. Fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu: mkondo unaoua ni sehemu ndogo tu ya ampia moja, fyuzi ya ampia 32 wala haishtuki. Bonyeza kitufe cha T kwenye kikata umeme hicho. Umeme usipokatika, badilisha kikata umeme chote. Kitufe hicho hakipimi athi, kwa hiyo fundi aje na mita, na cheti chake kitunze pamoja na karatasi za bima.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Tundu la hewa liwe chini, mtungi ukae mbali na mfereji wa maji machafu. Viungo vipime kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na nondo za madirisha: kila chumba cha kulala kiwe na moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo.

FunguoTatu: Paa linavuja upande mmoja tu. Nikibadilisha mabati manne?

DaftariLaKodi: Hayo ni ukarabati, mradi bati ni la aina ileile. Tatizo ni tarehe: kazi iliyofanywa kabla ya pango la kwanza baadhi ya sheria huiona sehemu ya kuiandaa nyumba, yaani mtaji. Uliza hilo kabla fundi hajapanda.