Mtoto anabadili mita kuwa sentimita vizuri ila mita za mraba zinamshinda, nimsaidieje?

MamaJay
Wakuu habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la sita, kwenye urefu yuko vizuri kabisa, ukimwambia badili kilomita 3.4 kuwa mita anakupa 3400 hapo hapo bila karatasi, kilo na gramu nako hana shida. Sasa wameingia kwenye eneo na ujazo ndo mambo yameharibika. Juzi kaandika 1 m² = 100 sm² na akagoma kabisa, ananiambia "mama si mita moja ni sentimita mia?" Namwambia jibu ni 10,000 ananiuliza kwa nini, na swali lake ni la haki kabisa. Shuleni wamepewa jedwali wakariri lakini sitaki akariri tu maana mtihani ukipita kasahau. Kwenye lita ndo usiseme, mara lita ni mililita 1000, mara mita ya ujazo ni lita 1000, basi anaona zote ni kitu kimoja. Walimu mliomo humu nawategemea.

MwalimuWaChaki
Mama Jay usimgombeze, huyo mtoto anafikiri. Hilo kosa nakutana nalo kila mwaka na wanaolifanya mara nyingi ni wale wale walioshika urefu vizuri, wanaiona mita wanakimbilia mia.

Usimweleze kwa mdomo, mpe chaki achore. Mraba wa mita moja kila upande, sakafuni au uani. Alafu kila upande aweke alama kila baada ya sm 10, aunganishe mistari kutoka huku mpaka kule. Atapata visanduku, avihesabu mwenyewe, usimsaidie: mistari kumi ya visanduku, kila mstari visanduku kumi, jumla 100. Kila kisanduku ni desimita moja ya mraba. Hapo ndo mwambie, umeshuka hatua moja tu kutoka mita kwenda desimita lakini namba imekuwa mia badala ya kumi, kwa nini? Atajibu mwenyewe, kwa sababu umegawa pande mbili, kumi kwa urefu na kumi kwa upana. Sasa achukue kisanduku kimoja tu akigawe kwa sentimita kwa kutumia rula, humo ndani napo vitatoka vidogo 100. Visanduku 100 kila kimoja kina 100, hiyo ni 10,000. Mtoto aliyechora hii hatabisha tena na wala hutamkumbusha.

Ujazo ni hivyo hivyo ila pande ni tatu, kwa iyo kila hatua ni kumi mara kumi mara kumi, 1000. Kata manila vipande vitano vya sm 10 kwa sm 10, viunge na selotepu viwe boksi lisilo na mfuniko, tandika nailoni ndani. Mimina chupa mbili za maji za nusu lita. Shikilieni pembeni maana manila inatuna maji yakiingia, lakini yataenea mpaka ukingoni. Basi ameshaona kwamba lita moja ndo desimita moja ya ujazo. Na haikutokea tu kwa bahati, Wafaransa walivyotunga sheria ya vipimo hivi mwaka 1795 lita waliiweka hivyo hivyo, na gramu wakaichukua kwenye uzito wa maji yanayojaa sentimita moja ya ujazo. Ndo maana lita moja ya maji ina uzito wa kama kilo moja.

Mdau_Tanga
Mwalimu kaeleza vizuri ila mimi naona mnamchosha mtoto bure. Sisi tulifundishwa ngazi: km, hm, dam, m, dm, sm, mm. Kwenye urefu kila ngazi unasogeza nukta mara moja, eneo mara mbili, ujazo mara tatu, kwisha kazi. Na kukumbuka mpangilio tulikuwa na "Kaka Hamisi Daima Mpole, Dada Salma Mkali", yaani kilo, hekto, deka, mita, desi, senti, mili. Mpaka leo niko kazini natumia hiyo hiyo.

MwalimuWaChaki
@Mdau_Tanga hiyo ya Hamisi na Salma naichukua kesho naingia nayo darasani. Na kanuni yako ya nukta ni sahihi, nami naifundisha, ila naitoa baada ya kuchora. Mtoto akianza na kanuni akifika kwenye mtihani anajiuliza hapa ni mbili au tatu, na hana pa kurudi kuhakikisha. Aliyechora anarudi kwenye mchoro. Kitu kingine ambacho ngazi haikwambii ni kwamba lita ina ngazi yake yenyewe: lita, desilita, sentilita, mililita, hizo zinashuka kwa kumi kumi. Wakati mita ya ujazo, desimita ya ujazo, sentimita ya ujazo zinashuka kwa elfu elfu. Hapo ndo kijana wa Mama Jay anapochanganya. Mwonyeshe zinapokutana: desimita ya ujazo na lita ni kitu kile kile, sentimita ya ujazo na mililita ni kitu kile kile, basi.

fundi_bomba
Mama Jay kama nyumbani kuna mita ya maji mpeleke hapo, ni darasa la bure. Nyingi zina namba nyeusi na namba nyekundu. Nyeusi ni mita za ujazo, zile unazolipia kwenye bili kama uniti, nyekundu ni lita zinazoendelea. Funga mabomba yote, aandike namba, alafu mjaze dumu la lita 20 asome tena, ataona imesogea 0.020. Mkijaza madumu 50 uniti moja imeisha. Siyo lazima mjaze yote 50, atapiga hesabu mwenyewe. Mtoto akijua kwamba uniti moja kwenye bili ni ndoo 50 za lita 20 hatasahau mpaka anazeeka.

Alafu mfundishe abadili kabla ya kuzidisha, asisubiri mwisho. Sisi tukijenga tanki la chini, mteja anasema urefu mita 2, upana sm 150, kina mita 1.2. Ukizidisha hivyo hivyo unapata kitu kisichoeleweka. Weka zote mita: 2 × 1.5 × 1.2 = 3.6, yaani lita 3600. Ukitaka weka zote sentimita: 200 × 150 × 120 = 3,600,000, gawa kwa 1000 unapata lita 3600 ile ile. Afanye njia zote mbili, majibu yakilingana anajua yuko salama.

mkulima_Kilosa
Naongezea la mashamba maana huku watu wanaumia. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100, m² 10,000, na kilomita moja ya mraba ina hekta 100. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni m² 7140, haufiki hekta. Sasa ekari haimo kwenye mfumo huu wa metriki, ni kama m² 4047 hivi. Wengi tunaipima hatua 70 kwa 70, na hatua ya mtu mzima ni pungufu kidogo ya mita, ndo maana inakaribia. Mtu akija na futi kamba akapima MITA 70 kwa 70 hiyo ni m² 4900, zaidi ya m² 850 zimeongezeka, na kwa bei za viwanja sa hivi hicho ni kiwanja kizima cha mtu. Wafundisheni watoto haya mapema jamani.

MamaJay
Asanteni sana wote Mungu awabariki. Tumechora jana uani, alivyomaliza kuhesabu mstari wa tatu akaacha akasema "aaah kumi mara kumi" akafuta ile kazi yake kwenye daftari mwenyewe. Boksi la manila tunafanya jumamosi. Mita ya maji ameisoma leo asubuhi kabla ya shule.

kidato_cha_1
Samahani naomba kuuliza hapa hapa. Mwalimu katupa densiti ya chuma 7.8 g/sm³ tubadili kuwa kg/m³. Mimi nimegawa kwa 1000 kwa sababu gramu kwenda kilo unagawa, nikapata 0.0078. Kwenye kitabu jibu ni 7800.

MwalimuWaChaki
Umebadili gramu ukaiacha sentimita ya ujazo, mdogo wangu. Kabla ya kalamu kadiria kwanza: kipande cha chuma cha mita moja kila upande kinaweza kuwa na uzito wa chini ya gramu 8? Haiwezekani, kwa iyo hilo jibu linajikataa lenyewe. Sasa twende. Kipande kidogo cha sm³ 1 ni gramu 7.8. Kwenye m³ 1 viko vingapi? Mia mara mia mara mia, milioni moja. Kwa iyo m³ 1 ya chuma ni gramu 7,800,000. Sasa ndo gawa kwa 1000 upate kilo, 7800. Ukiangalia, umezidisha kwa milioni ukagawa kwa elfu, kwa iyo g/sm³ kwenda kg/m³ ni kuzidisha kwa 1000 siku zote. Jaribu zebaki, 13.6 g/sm³.

kidato_cha_1
13,600 kg/m³. Na maji yanakuwa 1000, kumbe ndo ile uniti moja ya fundi, tani nzima ya maji!

fundi_bomba
Tani moja kabisa dogo. Ndo maana tukiambiwa tanki la lita 2000 liwekwe juu, la kwanza tunauliza nguzo zina nondo za milimita ngapi.