Kuchanganya spiriti kwenye dizeli ya mashine ya kusaga, kuvutisha na hewa, au dizeli ya mafuta ya kula: ipi afadhali?

Kinu_Kisesa
Wakuu heshima kwenu. Nina mashine ya kusaga na kukoboa huku Kisesa, ya kusaga inaendeshwa na injini ya dizeli ya Lister ya kizamani, ya kukoboa ni ya Kichina. Dizeli inakula faida yote, mteja ukimpandishia mia tu anahamia kwa jirani. Sasa nina jamaa yangu upande wa Kagera ana njia ya kupata spiriti ya molasesi kwa madumu, anasema ukichanganya asilimia 10 hadi 15 kwenye dizeli mashine inapiga kazi kama kawaida na moshi unapungua. Mwingine kaniambia usiweke kwenye tenki, funga kabureta ya pikipiki pale injini inapovutia hewa, spiriti iingie na hewa. Wa tatu anasema achana na spiriti kabisa, pika dizeli ya mafuta yaliyokaangia samaki, hapo soko la samaki la Mwaloni yapo mengi. Naombeni ulinganisho wa anayeelewa, sio zile za "gugo mkuu".

DagaaWaUsiku
Yaani gongo imekosa wanywaji mpaka tunanywesha mashine 😂😂 Mkuu ikianza kusaga inaimba usije kutulalamikia.

FundiPampu_Nyakato
Dagaa kacheka lakini kagusa penyewe. Mkuu, swali la kwanza kabla ya yote, hiyo spiriti ina maji kiasi gani? Maana dizeli na alkoholi zinaelewana tu kama alkoholi ni kavu kabisa, asilimia 99 na kitu, ikiwa na maji kidogo tu zinaachana. Fanya hivi, chukua chupa safi ya maji ya kunywa, weka dizeli, weka spiriti kwa kipimo chako cha asilimia 10, tikisa, iache mpaka kesho. Ukikuta mstari katikati ujue hapo hakuna mchanganyiko, una mafuta mawili tofauti kwenye tenki moja na injini itavuta moja baada ya jingine. Na kinachokaa chini inategemea, ile kavu ni nyepesi kuliko dizeli inaelea juu, ila yenye maji mengi kama gongo inazama chini, na bomba la tenki linavutia chini, kwa hiyo ukiwasha asubuhi injini inaanza na pombe ya maji. Haiwaki hiyo. Utamwita fundi atoe upepo kwenye paipu mpaka achoke na tatizo sio upepo.

BintiMagu
Naongezea hapo kwa fundi. Kwa kuchemsha tu kwenye pipa hata urudie mara ngapi huvuki asilimia 95.6 kwa uzito, maji yaliyobaki hayatoki kwa moto, inabidi ukaushe na chokaa ambayo haijazimwa au zile punje za zeolaiti wanazotumia viwandani. Sasa mtu wa madumu sidhani kama anafanya hayo. Wanaofanya hii kitu kwa uhakika wanaweka na dawa ya kushikanisha, au wanaweka baiodizeli kidogo, yaani ile dizeli ya mafuta ya kula, inayoshika pande zote mbili. Baridi nayo inaachanisha, kwenye nyuzi 10 hivi kushuka chini, ila huku kwetu hiyo siyo shida, labda Makete. Shida yetu ni maji tu, na alkoholi inavuta unyevu wa hewani yenyewe, dumu likikaa wazi kando ya ziwa msimu wa mvua hesabu limeharibika.

Kinu_Kisesa
Dada nimekuelewa. Tuseme nimepata ile kavu kabisa na dawa nimepata. Inalipa?

BintiMagu
Piga hesabu kaka. Lita 1 ya dizeli ina nguvu ya kama megajuli 36, lita 1 ya ethanoli, yaani hiyo spiriti kavu, kama 21. Ukiweka asilimia 10 unabaki na 34.5, yaani umepoteza kama asilimia 4, na mashine itakula lita zaidi kwa magunia yale yale. 21 gawa kwa 36 ni 0.58. Kwa hiyo spiriti kavu ikufikie Kisesa kwa chini ya asilimia 58 ya bei ya dizeli ndio uanze kuona faida. Tuchukue mfano tu dizeli iwe 3,000, spiriti iwe chini ya 1,750 ikiwa na nauli yake na dawa yake ndani. Ikizidi hapo unamsaidia jamaa yako, sio wewe.

Kinu_Kisesa
Mh. Bei ya jamaa iko juu ya hapo na nauli bado.

Fuso_Usagara
Mimi nasema hii ni kuchakachua tu kwa jina zuri. Mnakumbuka enzi za mafuta ya taa kwenye dizeli, pampu zilikuwa zinakufa kama kuku wa kideri mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011 ili bei zikaribiane. Spiriti nayo si haina ulaini? Na wewe Kinu usije ukafikiria kuwauzia wenzako, EWURA, wale wasimamizi wa mafuta, wakipima vinasaba, ile alama inayowekwa kwenye mafuta halali, wakikuta vimepungua hiyo kesi sio ya kumaliza na soda.

FundiPampu_Nyakato
Fuso uko sahihi kwenye ulaini. Ndani ya pampu na nozeli inayopulizia mafuta kwenye injini hakuna oili, dizeli yenyewe ndio inalainisha, sasa spiriti ni kavu, inasugua. Pampu za mzunguko ndio zinaumia haraka zaidi maana pampu nzima inaogelea kwenye mafuta hayo hayo, zile za kusimama kama ya Lister zina oili upande wa chini ila pistoni yake bado inategemea dizeli. Halafu kuna namba ya setani, yaani wepesi wa mafuta kujiwasha kwa mgandamizo. Dizeli ya kawaida ni 45 na kuendelea, ethanoli iko kwenye 8 hivi. Ndio maana ukizidisha injini inagonga na asubuhi inagoma kuwaka. Moshi kupungua ni kweli kabisa, theluthi moja ya uzito wa ethanoli ni oksijeni, jamaa hakudanganya hapo.

Mwanafunzi_wa_Bugando_Hill
Mbona Sweden mabasi ya Scania yalikuwa yanatembea na ethanoli tupu na injini ni za dizeli? Stockholm walianza nayo miaka ya 1980 mwishoni.

FundiPampu_Nyakato
Mwanangu yale hayachanganyi dizeli. Ni ethanoli asilimia 95 na inayobaki ni dawa ya kuwasha na kulainisha, na injini imejengwa kwa ajili hiyo, mgandamizo wake 28 kwa 1. Hii ya Kinu iko 17 au 18. Ukimpata wa kukutengenezea kichwa cha 28 hapa Nyakato niite nije nione.

Nansio_Boy
Jamani kuna kitu hakuna aliyegusa na mimi kwangu ndio cha kwanza. Mimi nabeba mizigo na boti ya injini ya dizeli Mwanza hadi Ukerewe, tenki liko miguuni kwa abiria. Dizeli ukiangusha kiberiti juu yake mara nyingi kinazima, mvuke wake ni mdogo. Petroli ndani ya tenki mvuke ni mzito mno hauwaki mpaka uchanganyike na hewa. Spiriti iko katikati, kuanzia kama nyuzi 13 hadi 42 mvuke uliopo ndani ya tenki ndio uko kwenye kipimo cha kulipuka, na hilo ndilo joto la Mwanza mwaka mzima mchana na usiku! Na ukiweka asilimia 10 tu kwenye dizeli mvuke wa juu ya tenki unafuata tabia ya spiriti, sio ya dizeli. Halafu moto wake mchana hauuoni vizuri. Kwenye kinu una vumbi la unga, una mkanda unatoa cheche, una wazee wanavuta sigara mlangoni wakisubiri gunia. Hapana.

Kinu_Kisesa
Duh. Hiyo ya wazee umeniona kabisa. Na ile ya kabureta je?

FundiPampu_Nyakato
Kwa upande wa ufundi ile ndio afadhali kwa spiriti ya mtaani, maana haikutani na dizeli kwenye tenki wala pampu, dizeli yako inabaki safi na inapuliziwa kidogo kuwasha huo mchanganyiko wa hewa na spiriti. Hata yenye maji asilimia 10 au 20 inakubali. Gavana, ile inayodhibiti mwendo wa injini, itapunguza dizeli yenyewe. Lakini lazima awepo mtu wa kuifungulia mashine ikishabeba mzigo na kuifunga kabla mahindi hayajaisha, kwa sababu mzigo ukiisha ghafla gavana inakata dizeli lakini spiriti haiikati, injini inaweza kukukimbia, yaani izidishe mwendo isishikike. Kijana wako wa mashine ni wa kuaminika kiasi hicho?

Kinu_Kisesa
Kijana wangu saa nyingi yuko kwenye simu.

FundiPampu_Nyakato
Basi umejijibu.

Mama_Chapati_Kirumba
Mimi mafuta ya kukaangia nawauzia watu wa sabuni, wanachukua yote, kwa hiyo usidhani ni ya bure tena.

BintiMagu
Mama kasema kweli. Ila kitaalamu baiodizeli ndio inayoishi vizuri na injini, inalainisha kuliko hata dizeli, nguvu kama megajuli 33 kwa lita, na mvuke wake hauwaki ovyo. Kasoro ni upikaji, unahitaji methanoli na magadi makali (kostiki soda), methanoli inapofusha na kuua, hata kwa ngozi inaingia. Na mpira wa zamani kwenye paipu unalegea, filta ya kwanza itaziba kwa uchafu wa tenki uliong'olewa. Mafuta mabichi bila kupika usithubutu, mazito, yanaganda kaboni kwenye nozeli.

Fuso_Usagara
Kinu mimi nikuulize, dizeli unanunua wapi, kituoni au kwa dumu la barabarani?

Kinu_Kisesa
Kwa dumu, kuna kijana analeta mpaka mlangoni.

Fuso_Usagara
😂😂😂 Hapo unatafuta nini Kagera?

FundiPampu_Nyakato
Na moshi ni mweusi au mweupe?

Kinu_Kisesa
Mweusi mzee, hasa ikibeba mahindi mabichi.

FundiPampu_Nyakato
Nozeli inakojoa hiyo, haipulizi. Ifungue uilete ipimwe, na filta ya hewa ipulize itoke vumbi la unga kwanza, hapo tu unaweza kuokoa dizeli nyingi kuliko kwa hiyo asilimia 10 yako. Jumatatu niko gereji. Ila dumu la spiriti liache huko huko, hapa kuna mtu anachomelea.