Naomba ushauri: katuni ya Krismasi yenye mwisho wa huzuni, nimwonyeshe mtoto?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Nyegezi, Mwanza.

Krismasi hii nataka kuwawekea watoto The Snowman, katuni ya Uingereza ya 1982 niliyoipenda sana utotoni, ya mvulana na mtu wa theluji aliyemtengeneza, anayepata uhai usiku na kuruka naye angani. Hadithi yenyewe haina mazungumzo, ni muziki na wimbo mmoja, kwa hiyo hata mtoto asiyejua Kiingereza anaifuata vizuri. Juzi nimeirudia peke yangu. Nilichokuwa nakumbuka ni kule kuruka angani tu. Safari hii mwisho umenikaba koo. Asubuhi yule mvulana anatoka mbio, anakuta kofia na skafu ya rafiki yake juu ya theluji iliyoyeyuka. Basi, imeisha.

Mwanangu ana miaka mitano, na mwaka huu tumemzika babu yake, ambaye walikuwa hawaachani. Nimejaribu kumwandaa kwa kipande cha barafu ya samaki kutoka soko la samaki la Mwaloni. Kilipoyeyuka kwenye beseni akauliza, "Kitarudi?" Nikakosa jibu. Mume wangu anasema niikatishe kabla ya mwisho, mimi naona huko ni kumdanganya.

Mliolea watoto waliofiwa: nimwonyeshe yote, au nisubiri akue kidogo? Na lile swali lake mngelijibuje?