Benjamin Davis wa ndege za mkia mwekundu, nani anamjua?

Mkaazi_Michenzani: Asalam alaykum wanabaraza. Jana pale Jaws Corner kuna mzee kamtaja ofisa wa jeshi la anga la Marekani, Benjamin Davis, eti skuli ya jeshi miaka minne hakuna aliyemsemesha. Kweli au chai tu?

Bint_Wete: Waalaykum salam. Kweli kaka. Huyo ni Davis mtoto, babake jina hilohilo, naye 1940 ndo alokuwa jenerali wa mwanzo mweusi jeshini mwao. Kaingia West Point, ndo hiyo skuli ya jeshi, 1932 wenziwe wakamsusa, anakula peke yake, analala peke yake, hasemeshwi ila kwa amri za kazi, na hakuondoka, kamaliza 1936. Kaomba urubani kanyimwa eti hakuna kikosi cha weusi. Mie ningeshapanda boti zamani nikarudi kwetu 😂

Fundi_Rada: Urubani kaupata 1942 Tuskegee, kule walikofunzwa marubani weusi. Kaongoza skwadroni ya 99 Afrika Kaskazini, halafu Italia kundi la 332, mikia wameipaka nyekundu, kazi kusindikiza ndege za mabomu, na yeye mkali, hataki rubani aiwache anayoilinda akakimbilia kuwinda Mjerumani apate sifa. Ile hadithi kwamba hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu hiyo ndo chai, zilianguka.

Mkaazi_Michenzani: Shukran. Cheo kaishia wapi?

Bint_Wete: 1954 jenerali wa mwanzo mweusi wa jeshi la anga, kastaafu 1970 na nyota tatu. Ya nne kapewa na Clinton 1998, keshafika miaka 85. Dhulma tu hiyo.