Nanotyubu za kaboni: viwanda vipanuliwe au visubiri?

Wakuu, naleta hoja, karibuni tubishane.

Nanotyubu ni vijibomba vya kaboni tupu, vyembamba kuliko unywele maelfu ya mara. Tangu Sumio Iijima wa Japani avieleze mwaka 1991 tumeahidiwa mengi, hadi lifti ya kwenda anga za juu! Wateja hawakuja. Bayer ilifungua mtambo wa tani 200 kwa mwaka kule Leverkusen mwaka 2010, na 2013 ikajitoa. Kilichofufua biashara ni betri za magari ya umeme: kiasi kidogo ndani ya kathodi (upande chanya wa betri) hupitisha umeme vizuri kuliko masizi ya kawaida. LG Chem ya Korea Kusini ilianza na tani 500 mwaka 2017, sasa mitambo yake ni ya maelfu ya tani.

Msimamo wangu: wapanue, ila kila kiwanda kilazimishwe kutangaza urefu na unene wa nanotyubu zake. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliwadunga panya nanotyubu ndefu zilizonyooka, wakaona madhara yanayofanana na ya asbestosi, yale madini ya nyuzi ya kuezekea yanayoleta saratani. Zilizojiviringisha hazikuleta hayo. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, nayo iliweka aina moja tu, MWCNT-7, kwenye kundi la zinazoweza kuleta saratani. Kuhusu aina nyingine, ikasema ushahidi hautoshi. Kuzifungia zote, kama walivyotaka ChemSec, wanaharakati wa kupinga kemikali hatari, mwaka 2019, ni kumfunga ndugu kwa kosa la nduguye.

Mzee wa Vumbi: Mkuu, "ushahidi hautoshi" si "salama". Saratani ya asbestosi hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, na mapaa yake bado tunayo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza kikomo cha mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa. Pendekezo tu, si sheria. Nani atapima?

Binti Kemia: Kwenye betri zimefungwa ndani ya gundi, hazipeperuki. Hatari iko kwa anayemimina unga kiwandani.

Mzee wa Vumbi: Na betri ikifa, ikasagwa?

Hapo umenibana, mkuu. Naongeza sharti: anayeuza nanotyubu aeleze pia betri itavunjwa wapi na kwa mitambo gani. Binti Kemia, wewe unasemaje, gharama hiyo abebe mwenye kiwanda au mwenye gari?