Baidu Wangpan: terabaiti 2 za bure ziliwezekanaje, na je, nihifadhi humo rasimu za tasnifu?

Mwanafunzi wa UDOM
Wakuu, habari za leo. Ninajifunza Kichina hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na masomo mengi ya sauti na video hutufikia kwa kiungo cha Baidu Wangpan, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni ya kampuni ya Kichina Baidu, pamoja na msimbo wa herufi nne. Nimesoma kwamba huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2012, ilifika mahali ikawa inampa mtumiaji terabaiti 2 bila malipo. Kampuni iliwezaje kugharamia nafasi hiyo yote? Na je, ni busara kuweka humo rasimu za tasnifu yangu?

Fundi Seva, Area D
Mkuu, siri kubwa iko kwenye utunzaji wa faili. Kabla ya kupakia, programu hukokotoa alama ya utambulisho ya faili yako na kuilinganisha na zilizomo kwenye seva. Ikikuta filamu hiyohiyo ilishapakiwa na mtu mwingine, haiipakii tena, bali inakuandikia tu kwamba nawe unayo. Ndiyo maana faili ya gigabaiti kadhaa huweza kupanda kwa sekunde chache. Isitoshe, watumiaji wengi hawakaribii kuijaza nafasi waliyopewa. Mwaka 2013 kampuni za China zilishindana kwa ahadi hizo: Tencent ilitangaza terabaiti 10, na kampuni iitwayo 360 ikafika terabaiti 36. Kwa maoni yangu, yalikuwa mashindano ya matangazo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameonyesha mapato yatatoka wapi.

Mkutubi wa Makulu
Naongezea kwa Fundi. Mwaka 2016 serikali ya China ilizibana huduma hizi kwa sababu ya ponografia na kazi za wizi zilizosambazwa kwa viungo, na kampuni kadhaa zikafunga. Mwezi Oktoba mwaka huo 360 ilitangaza kusitisha huduma kwa watu binafsi, na wateja wakatakiwa kuhamisha faili zao kabla ya Februari 2017. Baidu ilibaki karibu peke yake, ikawa inauza kasi: asiyelipia uanachama aliweza kupakua kwa takribani kilobaiti 100 kwa sekunde, ambapo faili ya gigabaiti 3 huchukua zaidi ya saa 8, yaani bando la usiku linakwisha muda wake faili haijashuka. Mwaka 2021 kampuni ya Alibaba iliingia na huduma yake ya aina hiyo, Aliyunpan, ikiahidi kutobana kasi, na mwaka huohuo wizara inayosimamia mawasiliano ikazitaka huduma hizi ziwape wasiolipa kasi inayokidhi mahitaji ya msingi.

Fundi Seva, Area D
Kuhusu tasnifu, mdogo wangu, pakua masomo unayotumiwa, lakini usiifanye huduma hiyo kuwa ghala lako pekee. Yaliyowakuta wateja wa 360 yanatosha. Weka nakala kwenye diski ya nje na nyingine kwenye huduma tofauti. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Je, rasimu zako zina mahojiano?

Mwanafunzi wa UDOM
Ndiyo, mkuu, yana majina na namba za simu za wakulima wa alizeti wa Kongwa. Hayo yatabaki kwenye diski, nami nitamuuliza msimamizi wangu kabla ya kupakia chochote. Ninawashukuru sana.